Minazi ya Vitovu

Baba yangu alikuwa mmoja wa watu watano waliosimamia wakfu wa kisiwa chetu, na kwa miaka mingi nilimchukia kwa ajili hiyo. Naanza hivi msije mkadhani nimetulia. Sijatulia. Mimi ni bibi kizee sasa, meno yangu ni ya kuhesabu, lakini asubuhi ile bado naikumbuka neno kwa neno.

Kisiwa kiko mkabala na Kigombe, kidogo hivi kwamba mtu mwenye haraka anakizunguka kwa miguu kabla chai haijachemka. Sehemu kubwa ni mawe matupu. Udongo wa kuchimbika uko upande mmoja tu, na upande huo ndio shamba la wakfu: minazi, na katikati ya minazi, makaburi. Aliyeliweka wakfu ni bibi mmoja wa zamani ambaye hakujaliwa mtoto. Aliacha sharti moja, kwamba shamba ni la wale waliozikwa vitovu vyao humo. Hao watapewa nazi zake wakipatwa na shida, na hao watalazwa humo wakifa. Wengine hapana.

Kwa hiyo kila mtoto wa kisiwa, kitovu chake kikishadondoka, kilifungwa katika kitambaa kikapelekwa shambani. Baba wa mtoto alichimba shimo, wasimamizi wote watano wakisimama pale, kitovu kikawekwa chini na mche wa mnazi juu yake. Huo ndio mnazi wako mpaka siku yako. Hata mtoto aliyezaliwa Tanga au Unguja alihesabiwa, mradi kitovu kiletwe. Hakukuwa na karatasi. Kila mwaka baada ya Maulidi wale watano walilipita shamba safu kwa safu wakiitaja minazi na wenyewe. Na jambo lolote la wakfu lilitaka kauli ya wote watano. Mmoja akikataa, limekwisha.

Baba ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Mtu mwenyewe angeweza kuusahau mnazi wake, baba hakuusahau. Ukimwamkia shikamoo, kabla hajaitikia marahaba alikuwa amekwisha kukuangalia akikumbuka uko safu ya ngapi. Nilimwonea fahari sana nilipokuwa msichana, nisiseme uongo.

Mama alikuwa mtu wa Kigombe. Aliletwa bibi harusi akiwa mdogo, na kitovu chake kilibaki kwao. Yeye ndiye aliyeosha maiti za wanawake wa kisiwa kizima, akanifundisha na mimi. Alizaa sita. Watatu walikufa wadogo na wamelala shambani, kila mmoja kando ya mche ambao ulikuwa haujafika hata magotini. Mama alikuwa akienda kuimwagilia ile miche mitatu maji aliyobeba kichwani, mpaka ikawa minazi mikubwa isiyohitaji tena maji ya mtu. Aliendelea tu kuimwagilia.

Jirani yetu alikuwa seremala, naye alioa mwanamke wa Pongwe. Walikaa vizuri miaka kumi na miwili, kisha yule mwanamke akashikwa na homa, siku ya tatu akafa. Jirani akaja kwa baba, vumbi la mbao bado liko kwenye nyusi zake.

"Kaka, nakuomba. Nimlaze hapa, niwe namwona."

"Yakhe," baba akamwambia, "mnazi wake upi?"

Jirani akageuka akarudi kwake. Mkewe akavushwa ng'ambo, akazikwa Kigombe, kwa kuwa Pongwe ilikuwa mbali na jua lilikuwa kali.

Mama ndiye aliyemwosha. Siku ile hakugusa chakula. Baba alipomuuliza, akasema, "Nafikiri tu, bwana wee, mimi nitavushwa lini." Baba akacheka, akidhani anataniwa.

"Sharti si langu," akasema. "Mimi nimekabidhiwa."

"Najua," mama akajibu, akaondoa sahani.

Baadaye msimamizi mmoja alifariki, na jirani seremala akachaguliwa kushika nafasi yake. Baba mwenyewe ndiye aliyemtaja. Mimi nilikuwa nimekwisha kuolewa na karani wa shamba la mkonge, tukikaa huko huko Pongwe, kati ya watu waliotoka bara kila upande, wengine Waislamu, wengine wa kanisani, na hakuna aliyemuuliza mwenziwe kitovu chake kiko wapi. Katikati ya miaka ya hamsini nikaletewa habari kwamba mama hajiwezi. Nilikwenda nikiwa na mimba changa ya mtoto wangu wa kwanza.

Nilimkuta amekuwa mwepesi, namnyanyua kwa mkono mmoja. Akaniambia, "N'kifa, baba'ko atakataa nilazwe hapa. Usigombane naye. Waambie wanilaze karibu na yule wa Pongwe, tusimwache pekee."

"Hawezi kukataa," nikasema. "Wewe ni mkewe. Na watoto wako wamo mle."

"We mwana," akasema, "umeolewa juzi tu." Akafumba macho. Nilikasirika kwamba hamwamini mumewe. Mimi nilimwamini.

Alikufa alfajiri. Asubuhi wasimamizi wakakaa kwenye baraza yetu, kwa sababu ndiyo ilikuwa baraza ya mkubwa wao, na sisi wanawake tulikuwa ndani tukimwosha, dirisha moja tu katikati. Shangazi alishika kichwa. Mimi nilikuwa na kata ya maji ya mkunazi. Kila neno la nje nililisikia.

Aliyeanza kusema ni jirani seremala. "Mimi nasema alazwe hapa."

"Wangu amekwenda, hilo limepita," akaendelea. "Huyu ana watoto watatu mle ndani. Tumlaze nao. Asiyetaka aseme na mimi."

Msimamizi wa pili akasema naye anakubali. Wa tatu, anakubali. Wa nne akasema mama ndiye aliyemwosha mama yake mzazi, kwa hiyo asiulizwe mara mbili. Wakawa wanne. Nami nilisimama na kata mkononi nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi juu ya maiti ya mama yangu, nikamtazama usoni kana kwamba namwambia, unaona?

Ndipo baba akasema, "Mnazi wake upi?"

Akauliza tena:

"Nawauliza nyinyi. Mnazi wake upi?"

"Kaka, usijifanyie hivi," seremala akasema. "Mimi nimekusamehe zamani."

"Wako nilimkatalia," baba akasema, na sauti yake ikamkatikia njiani, ikabidi aanze upya. "Wako nilimkatalia ukiwa umesimama mlangoni mwangu. Leo nimlaze wangu, kesho nikutazame kwa jicho gani? Mimi nakataa."

Niliendelea kumimina maji juu ya miguu ya mama, ambayo ilikuwa imekwisha kuoshwa, nikamimina, nikamimina, mpaka shangazi akaninyang'anya kata.

Wakamvusha. Sisi wanawake tulibaki ufukweni. Baba alibeba jeneza upande wa kichwa na hakukubali kupokewa na mtu mpaka chomboni. Ndara zake alizisahau mchangani, akaenda kumzika mkewe peku. Mimi niliziona, nikaziacha pale pale maji yaje kuzichukua.

Watu wazima wengi wameniambia baba alifanya haki. Labda. Mimi sikuitaka haki siku ile, nilimtaka mama yangu alale na watoto wake. Kesho yake niliondoka bila kuaga.

Nilijifungua Pongwe, mtoto wa kike. Kitovu kilipodondoka nilikifunga katika kitambaa, na arobaini ilipokwisha nikapanda gari la Kigombe na mtoto mgongoni. Kila mtu alijua naelekea kisiwani. Nilikwenda kwanza makaburini pale Kigombe. Nikachimba kwa kijiti na kucha, miguuni pa mama, nikakifukia humo. Sikupanda kitu juu yake. Nilifanya hivyo kwa hasira, sikuwa na sababu nyingine, na nilijua itamuuma nani.

Kisha nikavuka. Baba alikuwa mlangoni akisubiri, amevaa kanzu ya Ijumaa na haikuwa Ijumaa. Barazani palikuwa na nazi iliyochipua, ina majani mawili. Tangu aliposikia nina mimba alikuwa ameiweka kivulini, akiilowesha kila siku. Akampokea mtoto, akamwombea dua sikioni, akamtuma mtu akawaite wale wanne.

"Lete kitovu," akaniambia.

"Nimekizika Kigombe. Miguuni pa mama."

Akautazama ule mche. Akamtazama mtoto. "Basi huyu hatakuwa na mahali hapa."

"Kama bibi yake," nikasema.

Kwa miaka mingi niliona hilo ndilo jibu zuri kuliko yote niliyowahi kumjibu mtu. Wale wanne walipofika, baba aliwaambia hakuna shughuli. Mche ukabaki ukutani pale pale. Hakuna aliyethubutu kuupanda, wala kuutupa, ukakauka.

Nilikwenda kumtazama mara moja moja, kwa kuwa dini inataka. Nilisikia kwa watu kwamba kila wiki anavuka kwenda kumsomea mama, na kwamba anapalilia makaburi mawili, la mama na la yule mwanamke wa Pongwe. Yeye hakuniambia, nami sikumuuliza. Alikuwa amekonda. Siku moja tulikuwa tumekaa barazani, binti yangu anacheza na makumbi ya nazi, baba akasema bila kuinua macho:

"Pale Kigombe, upande wa mama yako. Umeona pana nafasi?"

Nilielewa. Msinitafutie udhuru, nilielewa mara moja anachoniomba. Mtu aliyewakatalia wengine alikuwa ananiomba ruhusa mimi, kwa sauti ya kuazima chumvi. Nami nikamjibu:

"Wewe una mnazi wako, baba."

Akaitikia kwa kichwa. "Ni kweli," akasema. "Ninao." Akaniuliza kama kikohozi cha mtoto kimepoa.

Hakuuliza tena. Alifariki kabla ya Maulidi yaliyofuata. Nilifika wakiwa wamekwisha kumwosha, na jirani seremala, ambaye sasa ndiye alikuwa mkubwa wao, akanijia kwenye mlango wa uani, amezeeka, macho mekundu.

"Mwanangu," akasema, "mwenye mnazi ana haki ya kulala hapa, lakini halazimishwi. Sisi tutafuata alilolitaka. Baba'ko aliwahi kukwambia neno? Alitaka alazwe wapi?"

Palikuwa bado na nafasi upande wa mama. Nilikuwa nimeiona kwa macho yangu. Nilichotakiwa ni kusema neno moja, Kigombe, na chombo kilikuwa kiko tayari. Lakini kulisema ningelazimika kusema pia kwamba aliniomba, na nilimjibu nini. Niliona aibu mbele ya mzee yule, kuliko watu wote, yeye aliyesamehe.

"Hapana," nikasema. "Hakuniambia kitu."

Wakamlaza kwenye mnazi wake, karibu na watoto wake watatu. Mama yuko ng'ambo na mwenzake wa Pongwe. Mimi nina mnazi wangu kisiwani, safu ya tatu, unazaa mpaka leo, na binti yangu ananiuliza kila mara nataka nilazwe wapi, ajue mapema. Sijamjibu. Sijui ni yupi kati ya baba na mama nikamwombe radhi kwanza.