Dies za bei mbaya za kujazia risasi: niliambiwa ninunue au niachwe nje ya timu

Wakuu, habari za mihangaiko. Kuna mjumbe ameuliza kule jukwaa la uwindaji kama dies za premium zina thamani ya hela yake. Nimeona wanamjibu kwa ushabiki tu, kwa hiyo mimi nasimulia yaliyonipata. Sina duka, sina cha kuwauzia.

Kwa wasiojua: die ni kichuma unachofunga kwenye mashine ya mkono. Unaingiza ganda la risasi lililokwishatumika, unavuta mkono wa mashine, ganda linarudi kwenye umbo lake ili lijazwe upya. Wenye kulenga shabaha wanajaza wenyewe, kila mtu na zake.

Nilikuwa Durban, mwishoni mwa miaka ya tisini. Mtu wa Tanga, fundi mashine kwenye karakana moja, nimepanga mtaa wa Glenwood na mke wangu, Mama Salma. Makaratasi yangu yote safi, leseni ninayo, na Jumamosi nilikuwa klabu ya shabaha nje ya mji.

Nahodha wetu alikuwa mzee wa Morningside, mtaa wa wenye nazo, naomba nimwite Desmond. Timu ilikuwa inajiandaa kwenda kushindana bara, mbali na pwani yetu. Matundu ya risasi zangu kwenye karatasi ya shabaha yalikuwa yametawanyika kama mtu kamwaga choroko.

Desmond akaniambia mbele ya watu, "My friend, hizo dies zako ni takataka. Nunua premium, au baki nyumbani."

Iliniuma, siwafichi. Nilikuwa nalenga vizuri kuliko nusu ya wale waliocheka.

Shida ni kwamba hela ipo, ila ina mwenyewe. Tulikuwa tunaweka ili Mama Salma apate mashine ya overlock, ile ya kufunga kingo za nguo zisifumuke. Alikuwa anashona kwenye kona ya duka la simu la Mkongo mmoja pale town, Kasongo, na kila nguo ilibidi aipeleke kwa mtu mwingine kupigwa overlock.

Nilipomgusia, hakugomba. Akasema tu, "Baba Salma, thibitisha kwanza kama ni kile chuma. Ukithibitisha, chukua."

Hapo ndipo nikakaza. Nikamfuata Desmond nikamwomba aniazime za kwake. Akanipa haraka, ana uhakika nikizijaribu nitakimbilia dukani.

Nikajaza risasi kwa dies zake na nyingine kwa zangu. Ili nisijidanganye, nikampa Kasongo afunge.

Akaniambia, "Acha kwangu, ndugu. Nitaweka mu boîte mbili, alama nitajua mimi peke. We hautajua yako iko wapi."

Jumamosi nikaenda naye klabu, nikapiga zote. Wakuu, boksi zote mbili choroko ile ile. Kasongo alipotaja ipi ni ipi, hata Desmond alizishika karatasi akazilinganisha moja moja.

Mwingine angefurahi kwamba dies zake si mbaya. Mimi nilikuwa bado nje ya timu.

Nikakaa mezani na mashine yangu, navuta taratibu. Mkono wa mashine ndio ulioniambia. Ganda hili linaingia laini, linalofuata linagoma, na ilikuwa hivyo hivyo nilipotumia dies za Desmond.

Sasa sikilizeni kosa langu. Pale klabu, wenye uwezo wakishapiga wanaacha maganda chini, na sisi wengine tunaokota. Nilikuwa naokota ya kila mtu, nayaosha ndoo moja, najaza pamoja. Viwanda tofauti, bunduki tofauti, mengine yamechoka kabisa. Hakuna die ya kurekebisha mchanganyiko ule.

Tukamwaga ndoo mezani. Mama Salma akachambua nami kwa maandishi ya kiwanda yaliyo kitakoni mwa ganda, huku ananitania, "Na mimi nikikushonea suruali, mguu mmoja jinzi mwingine kitenge, utavaa?"

Nikabaki na maganda ya aina moja, ambayo ni mimi mwenyewe niliyeyapiga kwa bunduki yangu. Dies zile zile za takataka.

Jumamosi iliyofuata matundu yalikusanyika hadi ungeyafunika kwa kizibo cha soda. Desmond akainama kuiangalia karatasi. "Eish," akasema. "Uko ndani."

Kwa hiyo jibu langu: premium ni nzuri. Miaka baadaye nilinunua, zinateleza raha. Ila kama maganda yako ni ya kuokoteza, utalipia jina tu. Panga maganda kwanza, hela baadaye.

Overlock ilinunuliwa, kwa hela ile ambayo ingeishia kwenye dies. Timu ilipotaka majaketi, Mama Salma akayashona yote.

Kule bara asubuhi ilikuwa na baridi ya kukata masikio. Desmond akavuta zipu hadi kidevuni, akapapasa mshono, akaniuliza nani fundi wa jaketi zuri hivi.

Nikamwambia, "Hizo ndizo dies ulizotaka ninunue. Umezivaa."

Wenye dies za premium njooni mnipinge, ila mtuambie kwanza maganda yenu mnayatoa wapi.