Gundi Niliyoizidisha

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali ya mgodi kule Geita miaka ya hamsini, Mganga Mkuu alidondosha kidonge katika glasi ya maji ya vuguvugu, akanikabidhi saa yake. "Kaa hapo. Kikilainika chote, niite." Nilikuwa nimetoka sekondari, nikaona ananipa kazi ya kitoto.

Tulisaga kwinini, tukaichanganya na gundi ya mgunga iliyoletwa kwa magunia kutoka Didia, kisha tukashindilia vidonge kwa mashine ya mkono. Gundi ile ikilowa hugeuka ute, na ute huiachia dawa kidogo kidogo tumboni, ili masikio ya mgonjwa yasivume sana kwa ukali wa kwinini. Ikizidi, dawa hubaki imefungwa ndani. Ndiyo maana kila fungu lilipaswa kujaribiwa majini.

Vidonge vilikuwa vikivunjika kwenye lori lililovisambaza. Msimamizi wa stoo akanitania mbele ya watu: "Bwana Dawa, unatengeneza vidonge au unga wa ugali?" Niliudhika. Nikaongeza gundi bila kumwuliza mtu, nikavikausha karibu na jiko, na sikuvijaribu.

Wiki ile Mama Kulwa alikuja dirishani. Mumewe, mchimbaji, alikuwa na malaria na alikuwa amekunywa dawa yangu siku mbili.

"Homa haishuki, Bwana Dawa."

"Anavitema huyo. Msimamie, mkague mdomo."

Mwanamke mmoja kwenye foleni akacheka. "Baba Kulwa ateme? Hata pombe iliyochacha haitemi!"

Siku ya pili yake Mama Kulwa alirudi na kidonge juu ya jani, amekiosha. "Kimetoka kama kilivyoingia."

Mganga Mkuu alikibonyeza kwa ukucha, akanitazama. "Uliongeza gundi?"

"Ndiyo, bwana."

Alikitia majini, akachukua sindano, akaondoka na Mama Kulwa kwa gari. Mimi nilibaki na glasi. Aliporudi kuniambia kwamba wamemkuta Baba Kulwa ameshafariki, kidonge kilikuwa bado kizima.

Nilihamishiwa Shinyanga, nikafanya kazi huko hadi kustaafu. Hakuna fungu lililotoka mkononi mwangu bila kukaa majini, nami nikiwa na saa. Nanyi vijana wa dawa, fanyeni hivyo hata mkichekwa.

Kabla sijahama, msibani kwa Baba Kulwa, nilimweleza Mama Kulwa kosa langu lote.

"Nilimpanua mdomo kama ng'ombe," alisema. "Akaniapia kwamba amemeza. Nikakuamini wewe."