Ujumbe mmoja kwa kila kosa

Leo fomu ya mtandaoni niliyoitengeneza mimi imemkataa mama yangu.

Ni ya kujiandikisha kwaya, kanisani kwetu huku ughaibuni, mtaa wa Nechells. Kwa uvivu niliandika ujumbe mmoja wa kosa, nikautumia kila sehemu: "Taarifa zako si sahihi."

Mama aliacha nafasi katikati ya namba ya simu, basi. Ujumbe ukatokea, mwekundu.

Akafuta jina lake, akaliandika upya. Mara tatu!

"Ata ku kanisa wanakataa jina yangu?" Sauti ileile ya enzi za barua za kutukatalia ukimbizi.

Mama Neema, mwanakwaya mwenzake, akadakia: "Nani alitengeneza hii kitu?"

Nikatazama viatu vyangu.

Mama akazima simu. "Wacha. Nitaimba bila kuandikwa."

Fomu nimeshairekebisha. Yeye hataki kuigusa, na bado sijamwambia ni yangu.

Ninyi mngekiri?