Mheshimiwa wa Dampo

Eastbrook, Vermont, gari la taka halipiti mlangoni kwa mtu. Kila nyumba hubeba uchafu wake Jumamosi asubuhi mpaka dampo, na kwa kuwa tajiri na maskini wote wana uchafu, anayetaka kuonana na watu huwafuata huko huko. Ndiyo maana Leona Whitcomb, mwakilishi wa Eastbrook na Hadley katika bunge la jimbo la Vermont, hakuhangaika kutafuta ofisi. Alipindua ndoo kando ya pipa la chupa, akaikalia, na wenye shida wakampangia foleni na mifuko yao mkononi.

Kabla ya siasa aliendesha basi la shule, kwa hiyo nusu ya wapiga kura wake alishawafokea wakae chini. Hawakumwogopa kwa hilo. Rollie Tatro, msimamizi wa dampo, alimwita mheshimiwa kwa kumtania tu.

"Mheshimiwa, daraja la Hadley mtalitengeneza lini? Au mnangoja mtu azame kwanza?"

"Tunakungoja wewe, Rollie. Bunge zima limeshapitisha."

Watu wakacheka, lakini wiki iliyofuata Leona aliwang'ang'ania watu wa idara ya barabara kama kupe, na theluji ilipoanguka ilikuta daraja lina mbao mpya.

Kazi hiyo aliipenda, na sioni kwa nini tuone haya kusema hivyo. Januari mpaka Mei alikuwa Montpelier, bunge linakokaa, akirudi mwisho wa wiki tu, na Jumamosi yenyewe ikimezwa na dampo. Mumewe, Harlan, alibaki na ng'ombe, kuni na jiko. Sasa Leona alitaka muhula mmoja zaidi. Mswada wa kufunga shule ndogo za vijijini ulikuwa njiani, na bila yeye hakuona nani angeisemea shule ya Hadley.

Mwaka huo akapata mpinzani: Keith Lassiter, dalali wa nyumba aliyehamia kutoka Connecticut. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja dampo na maandazi ya tufaha, akasikiliza watu, akatupa magazeti kwenye pipa la makopo, akarekebishwa mbele ya wote na kucheka mwenyewe. Watu wakampenda kwa hilo kuliko kwa maandazi.

Sasa, wenyeji wa Eastbrook wana jambo lao. Mgombea hajipigii kura. Si sheria, ni haya tu, na hakuna anayekumbuka nani alianza. Babake Leona alikuwa akisema kwamba anayejipigia kura kesho utamkuta anajipigia makofi. Kwa hiyo kila uchaguzi Leona alitia alama kwenye nafasi nyingine zote, na pale penye jina lake akapaacha patupu. Lassiter hakuna aliyemwambia. Alijipigia, akatoka ukumbini akalitangaza jambo hilo akitabasamu, na wazee wakatazama viatu vyao.

Asubuhi yake matokeo yalibandikwa kwenye mlango wa ukumbi wa mji. Lassiter alikuwa amemshinda Leona kwa kura moja.

Majuto ni mjukuu, na huyu alikuja na mizigo yake yote. Leona alirudi nyumbani akawa anazunguka jikoni na koti mwilini, huku Harlan akikoroga maharage.

"Kura yangu mwenyewe, Harlan. Ningeitia tu, tungelingana. Shule ya Hadley inafungwa kwa sababu mimi naona haya kuweka alama kwenye jina langu."

"Usijilaumu."

"Nimlaumu nani, paka? Jana sikulala nikingoja matokeo, na leo tena sitalala." Akanyanyua simu. "Naomba zihesabiwe upya. Kura moja si kitu, mashine inaweza kuwa imekosea."

Harlan alizima moto. Akageuka, mwiko bado mkononi.

"Usiwasumbue watu, Leona. Hesabu iko sawa."

"Umejuaje?"

"Moja ya zile za Lassiter ni yangu."

Simu ilirudishwa mahali pake taratibu mno. Tangu waoane Leona hakuwahi kutamani kumrushia mtu sufuria. Siku hiyo alitamani, tena ile yenye maharage.

"Jana asubuhi ulinimiminia kahawa," alisema. "Ulinifunga skafu. Halafu ukaenda kunichinja?"

"Ndiyo."

"Kisa?"

"Februari niliteleza zizini, nikaumia nyonga. Nililala kwenye samadi nisiweze kuinuka, mpaka Rollie alipopita kuchukua mayai. Nikamwambia akikuambia, mayai basi."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Bungeni. Mlikuwa mnajadili wazee wanaoishi peke yao."

"Mbona hukusema? Ningeacha kiti siku ile ile."

"Ndiyo maana sikusema. Ungeacha kwa ajili yangu, halafu ungeniangalia hivi unavyoniangalia sasa mpaka tufe. Nikaona bora ukataliwe na watu kuliko na mimi. Nilidhani utashinda au utashindwa kwa kura nyingi, yangu isionekane."

"Na watoto wa Hadley?"

"Hao wananiuma," alisema Harlan. "Sina la kujitetea."

Leona hakumsamehe, tusidanganyane. Alikaa na hasira ile mpaka Krismasi ikapita, na Lassiter alipoapishwa alizima redio. Alikuwa na haki ya kukasirika, na mume naye alikuwa na haki ya kupiga kura apendavyo, na haki mbili zikikutana jikoni hakuna bunge la kuziamua. Lakini pale pale, kabla hata hajavua koti, kulikuwa na jambo lililomchoma kuliko kiti. Tangu theluji iyeyuke alikuwa akimwona Harlan anachechemea, akajisemea ni uzee, akaondoka kwenda kusikiliza shida za watu. Alijaribu kukumbuka ni mguu gani. Hakuweza.

Akavuta kiti, akakaa mbele ya mumewe.

"Nyonga ipi?" aliuliza.