Mkojo Nisioupima

Nilikuwa muuguzi wa utafiti katika hospitali moja ya Homa Bay. Watu wa kwetu, upande wa Kuria, waliponiuliza nafanya kazi gani hasa, niliwaeleza hivi: mtu akipigwa vibaya, au akifanya kazi nzito kupita kiasi kwenye jua kali, misuli yake inaweza kuvunjika ndani kwa ndani. Mabaki ya misuli hiyo yanaingia kwenye damu, yanafika kwenye figo na kuziziba. Tiba yake kubwa ni maji ya dripu, mengi na mapema. Lakini mengi kiasi gani, na kwa kasi gani, hilo ndilo daktari wetu alikuwa akilitafuta. Kwa hiyo kila saa nilipima maji yaliyoingia mwilini mwa mgonjwa na mkojo uliotoka, nikaandika kwenye fomu.

Mgonjwa ninayetaka kusimulia habari zake alikuwa mpakiaji wa miwa kutoka Ndhiwa. Alikuwa ametoka kuugua malaria. Siku aliyorudi shambani wenzake wawili hawakufika, naye akapakia peke yake tangu alfajiri hadi jua la utosini. Kesho yake hakuweza kuinua mapaja kitandani, na mkojo wake ulikuwa mweusi kama strungi, chai isiyotiwa maziwa. Mkewe akamleta.

Nilimweleza kuhusu utafiti akiwa amelala, mpira wa mkojo umeshawekwa, mkewe amesimama upande wa miguu. Mwanamume huyo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa hii utafiti itasaidia mimi ama itasaidia watu wengine?"

"Wengine zaidi," nikamwambia. "Lakini wewe utaangaliwa kwa karibu kuliko mtu yeyote kwa hii wodi."

Akatia sahihi.

Siku ya kwanza nilifanya kama nilivyoahidi. Maji yaliingia vizuri, mkojo ukaanza kupungua weusi. Asubuhi ya pili daktari alitazama fomu yangu akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Figo zinajaribu," alisema. "Usiache maji yasimame."

Siku hiyo hiyo tuliambiwa kwamba wakaguzi wa utafiti wangefika kesho yake asubuhi. Kwenye kabati letu kulikuwa na mafaili yenye kurasa zisizo na tarehe na sahihi zilizosahaulika. Mchana nikaenda ofisini kuyapanga. Nilijiambia nitarudi wodini baada ya saa moja. Wauguzi wa wodi walikuwa wawili tu, na walikuwa wamezoea kutuachia wagonjwa wetu. "Huyo ni wa utafiti," ndivyo walivyosema, na walikuwa na haki.

Mkewe alinifuata mara mbili. Mara ya kwanza alisimama mlangoni akasema, "Sista, maji haishuki." Nikamjibu, "Nakuja, mama." Mara ya pili alisema mkono wa mumewe umevimba. Nikamjibu vilevile, bila kuinua macho kutoka kwenye faili.

Niliporudi ilikuwa karibu saa kumi. Kwenye fomu mistari mitatu ilikuwa tupu: saa saba, saa nane, saa tisa. Daktari alikuwa ameshaingia wodini na anaanza kitanda cha kwanza. Nilitazama tarakimu za asubuhi, nikaandika zinazofanana nazo, hii juu kidogo, ile chini kidogo, ili zisionekane kama zimenakiliwa. Nilijaza safu ya maji na safu ya mkojo. Ilinichukua muda mfupi kuliko ambao ningetumia kwenda kitandani kutazama.

Daktari alipofika kitandani aliinua mfuko wa mkojo. Ndani yake kulikuwa na mkojo kidogo tu, mweusi tena. Akashika mkono wa mgonjwa: kanula, ile sindano ya kupitishia dripu, ilikuwa imeziba na mkono umefura hadi kwenye kiwiko. Akasoma fomu, akanigeukia.

"Huu mkojo uliouandika uko wapi?"

Ningeweza kusema ukweli pale pale. Nilisema, "Labda mfuko umemwagwa."

Hakukuwa na mtu mwingine wa kuumwaga ila mkewe. Daktari alimgeukia, akamwambia kwa Kijaluo, mbele ya wodi nzima, kwamba hatakiwi kugusa mfuko ule, kwamba anachokimwaga ndicho kinachotuonyesha hali ya mumewe. Alizungumza polepole, kama anayemfundisha mtoto. Mama yule alinitazama mara moja, kisha akatazama chini. Hakusema kitu. Kanula mpya ikawekwa, maji yakafunguliwa, lakini tangu pale mkojo ulitoka matone tu. Baada ya siku mbili mgonjwa alianza kusafishwa damu kwa mashine.

Siku hiyo ya mashine ndipo nilipomfuata daktari ofisini kwake. Nilimwambia mistari mitatu niliibuni, na kwamba mama yule hakumwaga chochote. Alitoa faili la mgonjwa, akaitazama ile mistari mitatu. Kisha akasema hawezi kujua kama zile saa tatu ndizo zilizomwangusha mgonjwa. Huenda figo zilikuwa zimeshaumia kabla hajaletwa. "Na sasa hatutajua kamwe," akasema, "kwa sababu hatuna kipimo." Alienda mwenyewe kumwomba mama yule radhi, akawaarifu wenye utafiti, na fomu za mgonjwa yule zikaondolewa. Mimi niliondolewa kwenye kazi ile, na sikulalamika. Sasa niko kliniki moja huku Migori, napima presha.

Mgonjwa hakufa. Alisafishwa damu kwa wiki kadhaa, figo zikarudi kufanya kazi, ingawa si kikamilifu. Miezi mingi baadaye nilikata shauri nikaenda kwao Ndhiwa. Nilimkuta mkewe uani anamenya njugu. Alinipa kiti bila kuniuliza nimefuata nini. Nilimwambia nimekuja kuomba msamaha, kwa kumwacha mumewe na kwa kumsingizia yeye.

"Ile siku ungesema hukumwaga," nikamwambia. "Kwa nini ulinyamaza?"

Aliendelea kumenya. "Niliona nikikuaibisha mbele ya daktari utakasirika. Ukikasirika, nani ataangalia bwana yangu?"

 Kisha akaanza kunieleza zile saa, bila mimi kumwomba. Maji yalisimama wakati chakula cha mchana kilikuwa kinagawiwa. Mkono ulianza kuvimba wageni walipokuwa wanatoka. Mfuko aliutazama mara nyingi, akauwekea alama kwa ukucha mahali mkojo ulipofika, na mkojo haukuivuka ile alama. Alivijua vyote, kwa mpangilio, kuliko karatasi yoyote niliyowahi kujaza, na siku ile alivileta mlangoni pangu mara mbili.

Mumewe alitokea upande wa zizi, anatembea polepole, miguu imekonda. Mkewe alimweleza kwa Kijaluo mimi ni nani na nimesema nini. Akavuta kigoda, akaketi.

"Mimi ile siku sikujua kitu," akasema. "Huyu ndiye alijua." Akanyoosha mguu mmoja, akasugua goti. "Lakini wewe ni mtu wa hospitali. Niambie. Nitapakia miwa tena?"

Nilimwambia hapana, si kazi ile tena. Akaitikia kwa kichwa, akaomba njugu, mkewe akamjazia kiganja, na mimi akanijazia changu.