Folda ya Smaranda

Ovidiu Grozavu aliendesha tramu hapa Galați mpaka akastaafu, na sijapata kuona mtu mwaminifu wa kukera kama yeye. Umwazime chumvi kidogo, atakurudishia pakiti nzima. Uaminifu huo ndio uliotuletea balaa.

Mkewe, Smaranda, alipougua alijua haponi. Akanunua maikrofoni, akaketi mbele ya kompyuta, akamrekodia mumewe maneno: koti la baridi liko wapi, viazi vichemshwe vipi, asilale na soksi mbichi. Alipofariki, Ovidiu akawa anakunywa kahawa yake kila asubuhi akimsikiliza. Hakuwa na kitu kingine chenye sauti yake.

Asubuhi moja, wiki ya Pasaka, akanigongea mlango, uso umempauka.

"Veta, Smaranda hazungumzi."

Mungu wangu, nilidhani mzee amerukwa na akili. Smaranda tulimzika mwaka juzi. Kumbe kompyuta imekufa. Nikamwita Sorin, fundi umeme wa ghorofa ya nne, maana ndiye aliyetuwekea mtandao wa jengo. Kebo zinapita madirishani, zote zinaingia kwenye swichi, kile kisanduku chenye vitaa pale ngazini, na kila kompyuta ina anwani yake, namba isiyofanana na ya jirani. Mimi sina kompyuta. Haya nayajua kwa sababu kebo zao zimeniharibia dirisha la jikoni.

Sorin akafungua, akachokonoa, akasema diski imekwisha, hakitoki kitu humo. Ovidiu akaketi sakafuni palepale akalia kwa sauti. Hata makaburini sikumwona akilia vile, na sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Sorin naye akawa anakuna kichwa, hatutazami. Nikamwambia kama ana neno aliseme, asitutese.

"Bwana Ovidiu," akasema, "siku ile ulipotaka filamu kwenye mtandao, ulifungua nini?"

"Diski yote. Si mlisema asiyetoa hachukui?"

Ndiyo, hiyo ilikuwa sheria ya mtandao wetu. Ukitaka filamu za wenzako, nawe ufungue folda yako wachukue vyako. Wajanja wote walifungua kafolda kamoja, tena ka takataka. Huyu akafungua kila alichonacho, bila nywila!

"Basi tunayo," Sorin akasema polepole. "Karibu jengo zima tunayo. Tulikuta folda imeandikwa Smaranda, tukainakili tukidhani ni muziki."

Nilipigwa na butwaa. Watu wazima, wake kwa waume, wanasikiliza maneno ya marehemu kwa mumewe! Ovidiu akainuka taratibu, nikajua sasa anampiga mtu. Badala yake akauliza kama bado inasikika. Sorin akapanda mbio kuleta kompyuta yake, akaichomeka kebo ya Ovidiu, akaitafuta folda kwenye kompyuta ya jirani wa chini, akabofya.

"Ovidiu," Smaranda akasema mle chumbani. "Sarmale za Veta ni balaa. Anashindilia mchele mpaka jani la kabichi linapasuka, nyama uitafute kwa tochi. Nikiondoka atakuletea kila Jumapili, namjua. Kula zote, usikunje uso. Hana mtu mwingine wa kumpikia."

Kumbe ndiyo maana majirani walikuwa wakitabasamu nikipita ngazini na sufuria yangu kila Jumapili. Jengo zima linajua, mimi tu sijui! Damu ilinichemka, na machozi yakanitoka hapohapo, sijui lipi lilitangulia. Nikamgeukia Ovidiu.

"Kwa hiyo muda wote huu ulikuwa unakula kwa amri?"

Akafuta macho kwa mkono wa shati.

"Mwanzoni," akasema.

Nikavuta kiti, nikamwambia Sorin arudishe nyuma, nimsikie tena yule mwanamke.