Utando wa Profesa

Profesa hakuacha kamwe kugonga meza ya maabara kwa pete yake, ingawa mtikiso mdogo tu ulipasua utando wa mafuta ambao mwanafunzi wake, mama wa watoto wawili, alikuwa ameutandaza juu ya kitundu cha plastiki. Utando ukipasuka, mkosaji alikuwa mwanafunzi.

Kazi yao ilikuwa kupachika protini kwenye utando huo. Protini ikiingia, umeme hupenya na mstari wa kwenye skrini huruka. Siku uliporuka, bwana mkubwa alivimba kichwa, akaita wapiga picha.

Mwanafunzi akarudia jaribio kwa sabuni tupu, ile ambayo protini huyeyushwa ndani yake ili isiharibike, bila protini yenyewe. Mstari ukaruka vilevile.

“Profesa, kinachotoboa ni sabuni. Siwezi kuandika haya kwenye tasnifu yangu.”

“Mama, unataka shahada au unataka kufua nguo?”

“Nataka shahada isiyonuka povu.”

Alivua koti la maabara akaenda kutafuta msimamizi mwingine, japo miaka yake mitatu ilikuwa imekwenda na maji. Profesa hata hakugeuka.

“Nenda salama. Kwenye mkutano wa wanasayansi nitasema mimi, na sabuni haina mdomo.”